Kamionete ya kuvuta remorke mara moja moja: ukubwa gani unafaa barabara zetu?

Mtu akitaka kununua kamionete, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, swali la kwanza ni bei na la pili ni mazutu. Swali la remorke linakuja mwisho, mara nyingi gari ikiwa imekwisha kununuliwa: siku ya kupeleka jenereta kwenye kituo cha afya, siku ya kushusha mtumbwi ziwani, siku jirani amekwama kwenye matope na anaomba kuvutwa.

Siku hiyo gari inayotosha kila siku inaweza kuwa ndogo. Lakini kuna pia wale wanaonunua gari kubwa juu ya siku mbili tatu za mwaka, na siku zingine zote wanachoma mazutu ya bure. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza linaweza kuua watu, la pili linakula mfuko.

Kwa ufupi, jibu ni hili. Kwa anayevuta mara moja moja, kamionete ya ukubwa wa kati, yenye chasi ya kweli na motere ya mazutu yenye turbo, inatosha, kama remorke na mzigo wake havipiti tani moja na nusu hivi na kama remorke iko na freni yake yenyewe. Ikipita hapo, Land Cruiser ao kukodi kamio. Na kipimo cha kuchagua si mlima wa kupanda. Ni mlima wa kushuka.

Namba tatu za kujua

Kila gari iko na namba zake, na hazitegemei maneno ya muuzaji. Waliozoea karatasi za Kifaransa wanajua mbili kwa majina ya PTAC na PTRA.

PTAC ni uzito wote wa gari ikiwa imejaa: chuma yenyewe, mazutu, shofere, abiria na mizigo ya nyuma. PTRA ni uzito wote wa gari pamoja na remorke yake, vyote viwili vikitembea. Namba ya tatu ni uzito wa remorke unaoruhusiwa, na hiyo inagawanyika: kuna uzito wa remorke yenye freni, na kuna uzito wa remorke isiyo na freni. Kwa kamionete nyingi, remorke isiyo na freni haipaswi kupita kilo 750. Hii ndiyo namba ambayo watu wengi hawaijui, ingawa remorke nyingi zinazochomelewa hapa kwetu hazina freni hata kidogo.

Namba hizo zinapatikana kwenye kitabu cha gari na kwenye kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango ao chini ya kapo ya motere. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi yanaonyesha mistari minne: wa kwanza ni PTAC, wa pili ni PTRA, wa tatu ni uzito unaobebwa na ekseli ya mbele, wa nne ni ule wa ekseli ya nyuma. Magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika yanaweza kukosa mistari hiyo. Hapo inafaa kutafuta kitabu cha gari ya aina ile ile, mwaka ule ule na motere ile ile. Jina la gari peke yake halitoshi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kamionete ya kabini mbili inayopima kilo 2000 ikiwa tupu, PTAC yake ni kilo 3000 na PTRA ni kilo 5000. Hizi ni namba za mfano, kwa kuonyesha njia ya kuhesabu.

Gari imebakiza kilo 1000 za kubeba. Wakiingia watu watano wa kilo 70, zinaondoka 350. Ikifungwa remorke ya kilo 1500, ulimi wa remorke unakalia nyuma ya gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 150. Zinabaki kilo 500. Hiyo ni mifuko kumi ya simenti, hakuna zaidi. Mtu anayeweka mifuko ishirini nyuma, watu watano ndani, wengine wanne juu ya mizigo, kisha anafunga remorke, amekwisha kupita kipimo mbele hata ya kuwasha motere.

Upande wa PTRA, gari iliyojaa kilo 3000 imebakiza kilo 2000 kwa remorke. Kwa hiyo hata kama muuzaji anasema gari inavuta tani tatu na nusu, gari hii haiwezi kuzivuta ikiwa imejaa. Namba kubwa ya kwenye tangazo inahusu remorke yenye freni, na mara nyingi gari ikiwa na mzigo mdogo nyuma.

Mzigo unapima kiasi gani?

Watu wengi wanakadiria kwa macho, na macho yanadanganya. Vipimo hivi vinasaidia:

- Mfuko wa simenti ni kilo 50. Mifuko ishirini ni tani moja.
- Lita 1000 za maji ni tani moja, bila kuhesabu tanki.
- Pipa la lita 200 la mazutu linafika kilo 190 hivi pamoja na chuma chake.
- Gunia la kahawa la kilo 60: magunia 25 ni tani moja na nusu.
- Mchanga mkavu, mita moja ya ujazo, ni karibu tani moja na nusu. Ukinyeshewa unazidi.

Mchanga ndio unaodanganya kuliko vyote. Remorke yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.20 na kimo cha sentimita 40 inaonekana ndogo. Ikijaa mchanga mpaka juu inabeba karibu kilo 1500. Ukiongeza chuma ya remorke yenyewe, kilo 300 ao 400, tayari unakaribia tani mbili. Kwa jenereta na mashine ya kusaga, uzito unaandikwa kwenye kibao cha kiwanda. Usome pale, usiulize vijana wa kupakia.

Kupanda: hewa ya juu inakula nguvu

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Butembo iko juu zaidi, na Lubero inazidi hapo. Kule juu hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000. Motere ambayo Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, inavuta vizuri, inafika Bukavu ikiwa imechoka. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo, na ndiyo maana kwa milima yetu motere ndogo yenye turbo inaweza kuzidi motere kubwa isiyo nayo.

Mfano uko wazi ukilinganisha Toyota mbili. Land Cruiser 79 yenye motere ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 285. Hilux iliyotoka kuanzia 2015 yenye motere ya lita 2.4 na turbo inafika 400 kwenye matoleo yake yenye nguvu zaidi. Hii haimaanishi kwamba Hilux ni gari ngumu kuliko Land Cruiser. Inamaanisha tu kwamba ukubwa wa motere hautoshi kuchagulia gari.

Mlima wenyewe unahesabika. Kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kila mita 100, kila tani moja inavuta nyuma kama kilo 100 zinazoning'inia kwenye kamba. Remorke ya tani moja na nusu inaongeza kilo 150 za kuvuta nyuma, bila kuhesabu matope na mawe. Ndiyo sababu ambreyaji zinaungua: shofere anaanza kupanda na vitesi ya juu, gari inakosa nguvu, anacheza na pedali mpaka harufu inatoka. Kwenye gari ya 4x4, vitesi fupi, zile za 4L, zimewekwa kwa kazi hiyo. Ila kwenye gari ambayo 4x4 yake inawekwa kwa mkono, isitumike kwenye lami kavu, juu inavunja vyuma vya ndani.

Joto nalo lihesabiwe. Anayetoka Uvira anapita uwanda wa Ruzizi kwenye jua kali, na kutoka Kamanyola anaanza kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi na Bukavu. Motere inafika chini ya mlima ikiwa tayari ya moto. Radiatere iliyoziba kidogo, ambayo bila remorke haionyeshi kitu, itachemka pale.

Kushuka: hapa ndipo watu wanapotea

Motere ikishindwa kupanda, gari inasimama na watu wanashuka kusukuma. Freni ikishindwa kushuka, hakuna anayesukuma. Na kwenye barabara zetu, chini ya mteremko kuna soko, kuna mama wenye mizigo mgongoni, kuna wanafunzi, kuna vijana wa chukudu wanaoshuka na magunia wakisimamisha kwa mguu juu ya kipande cha mpira. Hawa ndio wanaolipa hesabu mbaya ya mwenye remorke.

Tuchukue barabara ya Bunia mpaka Kasenyi kwenye ziwa Albert. Bunia iko zaidi ya mita 600 juu ya ziwa. Gari na remorke zenye uzito wa tani tatu na nusu kwa jumla zikishuka kimo hicho, nguvu inayotakiwa kuzuiliwa, ikigeuzwa kuwa joto, ingechemsha maji ya bidoni tatu za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu moja inamezwa na motere ikiwa gari iko kwenye vitesi ndogo, sehemu nyingine na upepo. Inayobaki yote inaingia kwenye freni.

Freni zikipata moto kupita kiasi, mambo mawili yanatokea. Plaketi zinateleza na hazishiki tena. Kisha mafuta ya freni yanachemka, yanatoa mvuke ndani ya bomba, na pedali inashuka mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Mafuta ya freni yaliyozeeka yanachemka haraka, juu yanavuta unyevu wa hewa. Inashauriwa kuyabadilisha karibu kila miaka miwili, hata kama chupa bado imejaa.

Kanuni ya mashofere wazee haijabadilika: shuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia. Kuweka gari neutre ili kuokoa mazutu ni hatari hata bila remorke. Na remorke nyuma, ni kujiua.

Hapa ndipo uzito wa gari yenyewe unapoingia. Remorke isiyo na freni inasukuma gari kwa nyuma. Gari nzito inavumilia msukumo huo, gari nyepesi inageuzwa, hasa kwenye kona na kwenye matope. Kanuni rahisi ya mtu asiye na mizani ni hii: remorke isiyo na freni isipite kilo 750, na yenye freni isizidi uzito wa gari ikiwa tupu, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Namba za kitabu hazikupimwa kwenye mashimo ya Kabasha ao ya Ngomo.

Kamionete ndogo

Hizi ni zile za kabini moja, mara nyingi 4x2, zenye motere ya zamani isiyo na turbo. Hilux za miaka ya zamani zenye motere ya 2L, lita 2.4, ni mfano mzuri: ngumu, hazinywi sana, na fundi yeyote anazijua. Lakini nguvu yake ya kuzungusha ni karibu nyutoni-mita 165, chini ya nusu ya Hilux mpya. Kwa mtu wa mjini anayebeba bidhaa za duka na kuvuta remorke ya kilo 500 kwenye barabara ya tambarare, inatosha. Kwa milima, remorke ibaki nyumbani.

Kamionete ya kati

Hapa kuna Hilux za kisasa, Mitsubishi L200, Isuzu D-Max, Nissan Navara na Ford Ranger. Nyingi zinabeba karibu tani moja nyuma. Uwezo wa kuvuta umepanda mwaka kwa mwaka: Hilux ya 4x4 iliyotoka kati ya 2005 na 2015, ile watu wanaita Vigo, inaruhusiwa kati ya kilo 2250 na 2500 kwenye matoleo mengi, na iliyofuata imefika kilo 3200 ao 3500 kulingana na motere. Zote ni kwa remorke yenye freni.

Kwa familia, koperative ya kahawa, duka la vifaa vya ujenzi ao shirika dogo linalovuta mara mbili tatu kwa mwezi, kundi hili ndilo linalofaa. Bila remorke gari inatembea kawaida, na siku ya remorke ya tani moja na nusu iko na akiba. Akiba hiyo ndiyo unayonunua. Gari inayofanya kazi kwenye nusu ya uwezo wake inadumu, na siku mvua inanyesha katikati ya safari bado iko na kitu cha kutoa.

Kati ya kabini moja na kabini mbili, tofauti si watu tu. Kabini mbili iko na sanduku fupi na yenyewe ni nzito, kwa hiyo mara nyingi inabakiza kilo chache za mzigo. Kama abiria si wengi, kabini moja ao kabini moja na nusu inavuta na kubeba vizuri zaidi kwa bei ndogo.

Land Cruiser 79

Mashirika ya misaada, hospitali na wafanyabiashara wa mbali wanaipenda kwa sababu moja: inarudi. Chasi ni nene, resori za nyuma ni za vyuma vilivyopangwa, tanki la matoleo mengi linafika lita 130, na inaruhusiwa kuvuta kilo 3500 zenye freni. Uzito wake wa zaidi ya tani mbili unasaidia kuishika remorke kwenye mteremko.

Gharama zake zinajulikana: bei ni ya juu hata ikiwa imezeeka, motere ya 4.2 inakunywa, na ni gari inayotamaniwa na watu wabaya barabarani. Kuinunua juu ya remorke ya mara moja moja tu si hesabu. Inafaa kama barabara ya kila siku yenyewe ni mbovu, ao kama unavuta zaidi ya tani moja na nusu kila wiki.

Kamionete kubwa za Marekani

Ford F-150 na Toyota Tundra zinaonekana mara chache. Kwao, zinavuta tani nne na zaidi bila jasho. Hapa kwetu upana wake wa karibu mita 2, bila vioo vya pembeni, ni shida kwenye daraja za mbao na barabara zilizolika na mvua. Hilux iko na upana wa mita 1.85 hivi. Nyingi ni za esansi, na vipuri vinatoka mbali. Gari inayosimama mwezi mzima ikingoja kipande kimoja haivuti kitu.

Remorke yenyewe

Kuchagua gari vizuri na kufunga remorke mbaya ni kazi ya bure. Mambo haya yaangaliwe:

- Atelaji ifungwe kwenye chasi kwa bulo, isichomelewe kwenye bamba la nyuma. Bamba ni kwa ajili ya kugonga kidogo, si kwa kuvuta.
- Kichwa cha kuvutia na kikombe cha remorke viwe vya saizi moja. Kikombe kikubwa kuliko kichwa kinaruka kwenye shimo la kwanza.
- Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya ulimi kwa kupishana, ili ulimi ukitoka usianguke barabarani.
- Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Ukiwekwa nyuma, ulimi unainuka na remorke inaanza kucheza kama mkia. Ikianza kucheza, shofere asipige freni kwa nguvu wala kuongeza mwendo. Aachilie mazutu polepole na ashike usukani bila kuugeuza.
- Taa za nyuma ziwake. Remorke bila taa usiku ni ukuta katikati ya barabara.
- Mipira ijazwe na ikaguliwe. Remorke zinazokaa miezi bila kutembea zinapasuka mipira kwa kuzeeka, hata kama meno bado ni mazuri.

Ukitaka kuchomelesha remorke mpya, muombe fundi aweke freni tangu mwanzo. Iko aina inayojifunga yenyewe: gari ikipunguza mwendo, remorke inasukuma ulimi, na ulimi unavuta kebo ya freni. Haihitaji umeme wala kompyuta. Inaongeza bei ya remorke, lakini ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya bei kati ya Hilux na Land Cruiser.

Kuvuta gari iliyokwama ao iliyokufa

Kwa wengi huu ndio uvutaji wa kweli, na si sawa na remorke. Gari iliyozama kwenye matope inaweza kudai nguvu kuliko uzito wake wenyewe. Mbele ya kuvuta, chimbeni mbele ya mipira, toeni mzigo, wekeni mawe na matawi. Kamba ao kebo ifungwe kwenye ndoano iliyoshikamana na chasi, kamwe si kwenye kichwa cha atelaji: kikikatika kinaruka kama risasi. Watu wote, na hasa watoto wanaokuja kutazama, wakae mbali kuliko urefu wa kamba.

Gari iliyokufa motere haina tena msaada wa freni wala wa usukani. Shofere wake anapaswa kukanyaga kwa nguvu zote. Kwa kamba, kwenye mteremko, itamgonga anayemvuta. Baa ngumu ya chuma inafaa zaidi, na hata nayo iwe kwa mwendo mdogo na safari fupi. Gari ya vitesi otomatiki isivutwe mbali mipira ikigusa chini, juu boksi yake inakosa mafuta na kuungua.

Usukani wa kuume

Magari mengi yanayofika mashariki kwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam yako na usukani upande wa kuume, na Congo inatembea kuume. Shofere anakaa upande wa mtaro na haoni vizuri anayekuja mbele. Bila remorke anaweza kuchungulia na kurudi haraka. Na remorke, Hilux ya mita 5.3 inakuwa chombo cha zaidi ya mita 9, kinachochukua muda mrefu kupita kamio. Kwa gari kama hiyo, siku ya remorke, kupita wengine kusahaulike, na awepo mtu wa kushoto anayejua kutazama. Na kurudi nyuma kujifunzwe mapema kwenye kiwanja cha mpira, si sokoni.

Kununua ao kukodi

Njia nzuri ya kujua ukubwa unaohitaji ni daftari. Kwa miezi mitatu andika kila mzigo: kilo ngapi, wapi, mara ngapi. Mara nyingi daftari linaonyesha kwamba safari nzito ni chache. Kama ni moja kwa mwezi na inapita tani mbili, kukodi Fuso siku hiyo ni bei ndogo kuliko kulipia gari kubwa mwaka mzima. Kamio iko na freni zilizotengenezwa kwa uzito ule, na shofere wake anafanya kazi hiyo kila siku.

Kama safari ni nyingi lakini nyepesi, kamionete ya kati na remorke yenye freni zinatosha. Na kama mizigo inaweza kugawanywa, safari mbili za kilo 800 ni salama kuliko moja ya kilo 1600, hata kama mazutu yanaongezeka.

Mbele ya kulipa

Anayekwenda kuona gari aende na fundi wake, na aangalie haya: kibao cha PTAC na PTRA, chasi kwa nyuma, kama haijachomelewa ao kupinda, resori, kama hazijavunjika, harufu ya ambreyaji baada ya kupanda mlima, radiatere, kama haivuji, pedali ya freni, kama inabaki ngumu baada ya kukanyagwa kwa dakika moja. Aulize kampuni ya asiransi kama karatasi inafunika pia remorke na watu watakaoumizwa nayo, na jibu liandikwe.

Kisha ajaribu gari ikiwa na mzigo, kwenye mlima wa mji wake. Auzaye atapenda kuonyesha namna inavyopanda. Mnunuzi aombe kushuka.